Mwanamke Aliyenihurumia Baleni

Niite mwongo ukipenda, nimezoea. Ila ukishaniita, nenda Baleni ukamtazame Sefu, halafu urudi uniambie kama haya ni ya kutunga.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kitale. Hifadhi ya bahari ilipowavuta watalii kisiwani Mafia na hoteli zikaota kule Utende, nilikuja kupika katika hoteli mojawapo. Siku hiyo nilikuwa naendesha pikapu ya hoteli peke yangu, natoka Bweni kuchukua samaki. Karibu na Baleni ng'ombe akaingia barabarani. Nikamkwepa, gari likabingirika mpaka kwenye minazi, petroli ikaanza kunukia. Sefu, mkwezi wa palepale, alikuwa juu ya mnazi anaangua nazi. Alishuka mbiombio, akanikamata mikono, akanivuta kupitia dirishani. Hatujafika mbali, gari likawaka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umesagika, na hospitalini waliukata chini ya goti.

Bi Tatu, mama wa Baleni ambaye hata jina langu hakulijua, alinichukua nyumbani kwake akaniuguza. Watu wakawa wanakuja kunipa pole, na wimbo wao ni mmoja: shukuru Mungu. Nishukuru nini? Mguu umekwenda, kazi imekwenda, na kwetu mbali. Tena watu wa huku, hata mtu akiwa anakata roho, ukimuuliza ameamkaje atakujibu salama kwanza, ndipo aeleze maumivu. Mimi niliona huo ni unafiki. Kwetu mtu akiumia anasema ameumia.

Adhuhuri moja, Bi Tatu yuko uani anapika, akaingia mwanamke nisiyemjua. Alikuwa kajitanda kanga, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Umeamkaje?"

"Vibaya," nikamjibu.

Akatabasamu. Niamini, tangu ajali ile sikuwa nimeona uso ulionifurahia namna hiyo.

"Pole. Wamekuonea," akasema. Hakutaja kushukuru hata kidogo, nami nikalia mpaka nikachoka.

Akawa anakuja kila adhuhuri. Chai hagusi. Mimi nalalamika, yeye anasikiliza. Akishaondoka, Bi Tatu hufagia chembe za kioo kwenye mkeka, zile za kioo cha gari, na kuniuliza, "Vioo hivi unavitoa wapi, mwanangu? Na huwa unazungumza na nani?" Nikadhani mama wa watu anazeeka. Hata harufu ya petroli iliyobaki kila akiondoka nilijiambia ni pua yangu tu.

Siku moja uchungu ulinizidi. Mguu usiokuwapo ulikuwa unaniwasha na sina pa kujikuna. Nikamwambia, "Huyu Sefu naye kiherehere. Angeniacha palepale nikafa."

"Mikono yake imekukosea?"

"Imenikosea."

"Haya," akasema, akainuka kama mtu aliyetumwa dukani.

Kabla ya alasiri tukasikia mayowe. Sefu ameanguka kutoka juu ya mnazi. Hakufa. Alisema mikono ilimfia ganzi kule juu, yote miwili kwa pamoja, na mpaka leo haijarudi.

Kesho yake mwanamke akaja, akakaa palepale. "Umeamkaje? Na mwingine aliyekukosea nani?"

Kule uani Bi Tatu alikuwa ananikorogea uji huku anaimba.

"Salama," nikasema. "Sijambo. Hakuna aliyenikosea. Wote wamenitendea wema. Nashukuru, nashukuru!"

Nilirudia mpaka sauti ikanikauka. Alinitazama kwa kinyaa, akatoka. Kwangu hajarudi tena.

Sikurudi Kenya. Nimepanga chumba Baleni, na kila asubuhi naenda na magongo yangu kumsaidia mke wa Sefu, mimi napika, yeye anamlisha mumewe. Wiki iliyopita alinilalamikia kwamba siku hizi Sefu anazungumza peke yake adhuhuri, na kila akifagia mkeka wake anakuta chembe za kioo. Wao gari hawana. Sasa Sefu akiulizwa nani amemkosea, atamtaja nani? Nikimficha niliyoyasema, huenda akanitaja bila kujua. Nikimwambia, atanitaja kwa kujua. Nimenyamaza, na usingizi sina.

Kwa hiyo wewe, ukiumia ugenini na watu wakaja kukupa pole, jibu salama kwanza, hata kama matumbo yako nje. Na mgeni atakayekuambia usishukuru, mfukuze kabla hajakaa. Mimi nashukuru asubuhi na jioni. Usidhani ni imani, ni woga mtupu.

Kila nikifika kwa Sefu, humuuliza, "Umeamkaje?" naye hunijibu, "Alhamdulillahi, dada."

Leo asubuhi amenijibu, "Vibaya."