Tumepoteza chumba kwa kosa la usafi

Leo mimi na mke wangu, mama Neema, tumetolewa chumbani hotelini kwa kosa la usafi. Tuliuzidisha.

Tumetoka Kanazi kuja Mwanza kumwoza Neema. Hoteli ni ya kisasa, kimya kabisa, hata ukikohoa unajisikia mkosaji.

Asubuhi mama Neema akagoma kutoka. "Tuwaachie watu kitanda kimevurugika hivi? Watasema tumelelewa wapi?"

Basi tukakunja shuka, tukafuta bafu, begi tukaliweka kabatini. Mapokezi nikakabidhi ufunguo na kuwashukuru sana kwa kutupokea.

Adabu tupu.

Saa saba tumerudi kuvaa, kanisani ni saa nane. Tumegonga chumba chetu, kumbe ndani kuna mtu: mlango umefunguliwa na jamaa amejifunga taulo.

Nikakimbilia mapokezi. Suti yangu iko kwenye lile begi.

Dada wa mapokezi akasema, "Shikamoo baba. Tulijua mmeondoka. Mgeni gani anakunja shuka na bado yupo?"

(Kama nawe hukunja, sema hapa, tusiaibike peke yetu.)

Begi walikuwa nalo. Tumebadilishia nguo stoo, kwa zamu.

Tukiwa mlangoni, mama Neema akamgeukia yule dada. "Huyo mgeni wenu, amekikuta kitanda kiko vizuri?"