Kidonda Kilichofunga Upesi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Ubwari, kando ya ziwa, wifi yangu Riziki amepiga magoti mlangoni, ameuinua mguu wa mwanawe mpaka puani. Nilikuwa msichana bado, nikacheka. Nilidhani anacheza na mtoto.

Hakuwa anacheza. Siku chache nyuma mwanawe Wilondja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajua kukimbia, alikanyaga kijiti chenye ncha katika shamba la mihogo, kikazama ndani. Tulikichomoa, tukapaka majivu, tukafunga kitambaa. Juu pakaziba upesi, sote tukafurahi isipokuwa Riziki. Kaka yangu alikuwa amemwoa kutoka Lubondja, naye bado alikuwa mgeni kwetu, mwenye sauti ndogo, unaweza kukaa naye jikoni usimsikie.

Asubuhi ile mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya kifundo, na harufu yake sijaisahau. Ukiibonyeza, ngozi ililia kidogo, kama mchanga mkavu unaokanyagwa.

"Papa," alimwambia baba yangu, "muguu ya mutoto inanuka. Mi naenda naye ku Baraka, ku hopitali."

"Kidonda ishafunga, mama," baba akajibu. "Ongeza majivu. Ziwa iko na mawimbi leo."

Kwetu, mke wa mtu hakumrudishia baba mkwe neno. Riziki aliinamisha kichwa, lakini hakunyamaza. "Papa, munisamehe. Juu imefunga, ndani inaoza. Mi siwezi kungoja."

Baba alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa hata kulia ameacha. Kisha akaenda mwenyewe ufukweni kutafuta mtumbwi wa mota.

Nilisafiri nao. Maji yaliingia mtumbwini, Riziki akatapika, akajifuta mdomo kwa kitenge, na muda wote ule mguu wa mtoto aliushika hewani usigonge popote. Sijaona mikono imara kama ile.

Kule Baraka, daktari alikipasua kidonda, akatoa kipande cha kijiti kilichobaki, akakata nyama iliyokufa. Kisha hakushona. Nikashangaa: "Dokta, munaacha wazi?"

"Ile mikrobe, kijidudu ya kuozesha nyama, haipendi hewa," akasema. "Inajificha ndani, pale fasi kidonda imefunga. Mama huyu amefanya vizuri kuleta mutoto leo."

Wilondja alipoteza kidole kimoja. Mguu ukabaki, uhai ukabaki. Tuliporudi, baba alimpokea mtoto mbele ya wavuvi wote, akamwambia Riziki, "Mama, umetuokolea mutoto. Mi nilikosea." Tangu hapo, likitokea jambo la watoto nyumbani, swali lake la kwanza lilikuwa, "Riziki anasema nini?"

Basi, mwanangu, na wewe sasa una watoto. Mmoja akichomwa na kijiti, msumari au ndoana, osha kwa maji safi na sabuni. Usizibe kwa majivu wala udongo. Mpeleke kwenye kituo cha afya wakikague kidonda, waangalie na chanjo yake ya pepopunda. Ukiona uvimbe, homa au harufu mbaya, usidanganyike kwa kuwa juu pamekauka. Nenda siku hiyohiyo. Mkubwa akikuzuia, mjibu kwa heshima, lakini nenda.

Mungu awalinde wanao na miguu yao midogo, na akupe wewe moyo kama wa Riziki. Amina.