Posa Iliyonikatia Dawa

Walisema sitavuka mto. Si mto huu wala ule, mto wowote. Mtu wa kifafa, walisema watu wa mtaa wetu pale Bagamoyo, maji humwita na moto humvuta, kwa hiyo asitumwe kisimani, asikae karibu na jiko, wala asipande chombo. Mjomba wangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Dar es Salaam, tena kwa ajili ya kesi, alisema mbele ya wageni kwamba nikimaliza darasa la nane atafuga nywele. Mshona kofia wa baraza ya pili alisema sitaoa. Mkewe akamsahihisha: nitaoa, ila kipofu.

Kwa jirani nilikuwa na kikombe changu cha bati, kimetundikwa msumarini nje ya mlango, nisije nikawaambukiza kwa mate. Leo maji wanayokunywa watu hao hupita katika mabomba niliyoyapima mimi. Stashahada yangu iko ukutani, na muhuri wake unaonekana tangu mlangoni. Mjomba hakufuga nywele. Watu wa aina yake huwa wepesi wa kuahidi na wepesi zaidi wa kusahau.

Kilichoniinua hakikuwa dua zao wala makafara ya shangazi yangu, dada wa baba, niliyekuwa nikikaa kwake ili nisome. Kilikuwa kidonge cheupe, kidogo kama mbegu ya mpapai. Baba alikuwa nyapara katika shamba la mkonge upande wa Lugoba, na shamba lilikuwa na zahanati iliyomtibu mfanyakazi, wake zake na watoto wake bila malipo. Lilipotaifishwa likawa mali ya umma, na haki hiyo ikabaki. Hospitali ya wilaya nayo ilitibu bure, lakini vidonge vyangu ilikuwa navyo mara moja katika mvua na kiangazi. Basi kila mwisho wa mwezi nilidandia lori hadi Msata, nikapata jingine hadi Lugoba, nikapokea vidonge vya mwezi mzima dirishani. Tangu nilipoanza kuvimeza barabara sikuanguka tena.

Tatizo lilikuwa neno mtoto. Hakuna aliyeandika mahali popote utoto unaishia wapi, na vyeti vya kuzaliwa sisi hatukuwa navyo. Aliyeamua ni karani wa ofisi ya shamba, mtu mnene aliyejifunza kupiga chapa kwa vidole viwili akajiona amefika. Yeye aliangalia ndevu. Alisikiliza sauti. Aliuliza risiti ya kodi, kwa kuwa mwenye kulipa kodi ya kichwa ni mtu mzima. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, lakini kila nilipokwenda Lugoba nilinyoa hadi kidevu kikawaka, nikavaa kaptura ya shule iliyonibana mapaja, nikaongea kwa sauti nyembamba kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Mwaka huo nilichaguliwa kwenda nchi ya baridi kusomea ufundi wa maji. Daktari wa Dar es Salaam aliyenipima hakunificha.

"Ukipitisha mwaka mzima bila kuanguka, naweka saini," alisema. "Ukianguka mara moja tu, nafasi yako anapewa mwingine. Ukishaondoka, matibabu yako ni juu ya serikali, na ukirudi mtumishi wa serikali, vivyo hivyo. Kazi yako ni kufika huko bila kukosa dawa."

Kabla ya mambo kuharibika, mwaka wenyewe ulikuwa umeshapita zaidi ya nusu. Ilinibidi nibaki mtoto wa baba yangu miezi michache tu, kisha niwe mtu wa serikali. Mtu mwenye akili angekaa kimya. Lakini mimi sikuzaliwa katika ukoo wa watu wanaokaa kimya.

Shangazi alikwenda harusini, na huko, wakati wanawake wanachambua mchele, mke wa mshona kofia akarudia maneno yake ya kipofu. Shangazi aliacha mchele palepale. Alirudi nyumbani, akawaita wazee wawili wenye kanzu safi, akawapa barua ya posa na kitambaa cha hariri, akawatuma kwa muuza chumvi mmoja mwenye binti. Mimi sikuulizwa. Nilipata habari nikiwa naosha miguu uani.

"Wamepokea barua," aliniambia, uso unamng'aa. "Sasa na aseme tena kipofu."

"Shangazi, mimi nasafiri."

"Safari na mke vimegombana wapi? Atakungoja. Na wewe nyoa vizuri, una wakwe wa kuwaangalia usoni."

Alitaka kumfunga mdomo mwanamke mmoja mchambua mchele, na kwa hilo akamposea mtu aliyekuwa akivaa kaptura ili apewe dawa. Baba naye habari ilipomfikia alinunua halua ya sinia zima, akapika kahawa, akawaalika manyapara wenzake wote. Na karani. Baba yangu aliweza kujua kwa kuangalia tu kama mkonge umekatwa kabla ya wakati, lakini kwamba halua hiyo ingenitoa mimi kwenye dirisha la dawa, hilo halikumpitia kichwani.

Mwisho wa mwezi nikafika ofisini kuchukua kipande, ile karatasi ya ruhusa ya kupeleka zahanati.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba, bwana harusi." Aliniangalia kuanzia miguuni. "Kaptura hiyo ya nini? Bibi harusi akikuona atadhani ameletewa mtoto wa kumfundisha alifu."

"Nimefuata dawa zangu."

"Dawa ni za wafanyakazi na watoto wao. Wewe sasa ni nani? Mtu anayeposa ana nyumba yake, na mwenye nyumba yake si mtoto wa mtu."

"Sijaoa."

"Halua yake nimeila mwenyewe. Unataka niseme nilikula nini?"

Wapokea mishahara waliokuwa barazani wakacheka, na yeye akangoja wamalize, kwa sababu watu kama yeye huishi kwa vicheko vya namna hiyo. Kisha akasema kwamba jina langu ameshalikata daftarini, na atalirudisha kwa sharti moja. Baba aje pale, mbele ya manyapara walewale waliokula halua, atamke kuwa posa haipo.

Nilimkuta baba kwenye korona, mahali pa kusindikia mkonge, nikamweleza. Alinisikiliza akiwa amempa mgongo msimamizi wa mashine.

"Nikaseme posa haipo?" aliuliza. "Binti wa watu ana kosa gani? Posa si chungu cha kuazima, ukikipikia unakirudisha. Wataniuliza aibu gani nimeiona kwake."

"Baba, nisipomeza dawa nitaanguka."

"Mbona huanguki siku hizi?"

Na shangazi, niliporudi Bagamoyo, alisema hivyohivyo, neno kwa neno, kana kwamba walikubaliana. Huanguki, basi dawa za nini. Paa halivuji, basi tung'oe makuti. Mtu aliyeketi darasani anaweza kucheka, lakini hao ndio waliokuwa wameshika maisha yangu mikononi, na niliwaheshimu kwa salamu tu.

Nikaanza kuazima. Sikuazima fedha, niliazima vidonge. Mtu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Fukayosi. Mumewe alikata mkonge katika shamba lilelile, na binti yao mdogo alikuwa na ugonjwa wangu na dawa yangu. Mama huyo alikuwa na akiba ya vidonge kwa sababu ya ajabu: siku ambazo binti alikunywa kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, hakumpa kidonge, akidai dawa mbili hugombana tumboni. Nilimwambia anakosea, ampe vyote viwili.

"Umekuja kuchukua vidonge au umekuja kunifundisha kulea?" aliniuliza.

"Vidonge, mama."

"Basi kaa hapo kwenye kigoda. Na usidhani ni sadaka. Nakuazima. Utanirudishia kimoja kwa kimoja."

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wetu. Naye alikuwa akianguka, lakini yeye aliita kizunguzungu, na mwanawe, aliyemudu bei ambayo mimi sikuimudu, alimletea vidonge kutoka duka la dawa la Dar es Salaam ndani ya kopo la kahawa. Alinikubalia kwa bei yake. Kila alasiri niketi barazani kwake, nimsomee gazeti kwa sauti, naye anisahihishe ili wapita njia waone bado ana mwanafunzi. Nilikuwa nimeshamzidi elimu, na alijua. Nilikosea makusudi mara mbili tatu kila siku ili apate cha kusahihisha. Kidonge kikatoka koponi.

Hivyo nikasogea, mwezi baada ya mwezi. Kisha mvua za masika zikaja, barabara ya Fukayosi ikawa tope, malori yakakwama, na mwalimu akasafiri na mkewe kwenda kumtembelea mwanawe, akachukua na kopo lake. Nikaanza kukata kidonge nusu. Halafu nusu hizo zikaisha.

Shangazi akachagua siku hizohizo kunipeleka kwa muuza chumvi. Wenyewe walitaka kumwona muoaji, na yeye alitaka mtaa mzima utuone tukipita. Nilimwambia siko sawa. Alinipa kofia mpya ya mshona kofia yuleyule, ili amuudhi mkewe zaidi.

Tuliketi ukumbini, tukaletewa kahawa na visheti. Baba wa binti alinisalimu vizuri, akaniuliza huko niendako kuna msikiti. Nilifungua mdomo nijibu, na hapo nikaisikia ile harufu ambayo hainuki kwa mtu mwingine, kama nywele zinazoungua, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kikaanza kucheza peke yake. Kikombe kikagonga kisahani.

Nilijua nina muda gani. Ningeanguka pale, mbele ya wakwe na wapambe na watoto waliochungulia kwenye pazia, na kabla ya isha habari ingekuwa imefika Dar es Salaam, kwa daktari mwenye kalamu. Nikasimama. Sikuaga. Nikavaa kiatu kimoja changu na kimoja cha mwenye nyumba, nikatoka.

"Anakwenda wapi?" nilimsikia baba wa binti akiuliza.

"Tumbo," alisema shangazi. "Visheti vyenu vina mafuta."

Nikakimbilia kwa mwalimu, na kwa bahati alikuwa amerudi siku ileile. Kanga ya mkewe ilikuwa bado ina tope la safari. Niliingia hadi ndani bila hodi, jambo ambalo Bagamoyo hata mwizi huliona ni utovu wa adabu, nikalishika kopo la kahawa kwa mkono wangu.

"Gazeti hatujasoma," alisema.

"Leo usome wewe, Mwalimu."

Nikameza, nikajilaza kwenye mkeka wake, nikauma pindo la shuka, na kidole kikacheza, kikacheza, kikatulia. Alinisomea gazeti zima hadi matangazo ya vifo. Sikuanguka.

Muuza chumvi alirudisha barua ya posa kesho yake, na kitambaa chake cha hariri, na kiatu changu. Aliyekataa kula kwake, alisema, hana haja ya binti yake, na mafuta ya visheti vyake yalikuwa samli safi. Kwa hiyo ile aibu ambayo baba hakutaka kuisema kwa mdomo mbele ya karani ilikuja yenyewe kwa miguu, na mtaa mzima ukaiona ikipita. Nikaenda Lugoba na habari hizo, nikidhani sasa nimekuwa mtoto tena. Karani alikuwa anakula machungwa.

"Aliyekataliwa ni mwanamume vilevile," alisema, akatema mbegu.

Nimewaona makarani wa nchi tatu tangu siku ile, na yeye ndiye kipimo ninachowapimia. Nilirudi kwenye kigoda cha Fukayosi na gazeti la mwalimu, nikamaliza mwaka wangu, na daktari akaweka saini bila kuniuliza vidonge nilivitoa wapi. Nilivuka mito. Nilivuka bahari. Huko kwenye baridi nilitibiwa kwa jina langu, sikunyoa kwa ajili ya mtu, na nilifaulu kuliko wenzangu wa bara zima tuliokwenda pamoja. Mshona kofia alipopata habari alisema vyeti vya huko vinauzwa sokoni. Na aende akanunue.

Niliporudi nilipewa kazi ya mabomba ya wilaya na kitambulisho cha mtumishi. Siku yangu ya kwanza ya mapumziko niliitenga kwa wadai. Nilianza kwa mwalimu, nikamwekea mezani chupa nzima ya vidonge niliyotoka nayo ng'ambo. Alisoma maandishi ya kibandiko kwa sauti, akakosea, nami nikamsahihisha. Alikubali sahihisho. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kifafa.

Kisha nikaendesha gari la idara hadi Fukayosi. Yule mama alivimimina vidonge vyangu kwenye ungo, akavipekua kwa kidole kama anatafuta mawe.

"Hivi ni vya rangi ya waridi."

"Ni dawa ileile, mama. Kiwanda tu ndicho tofauti."

"Mimi nilikuazima vyeupe."

"Hivi ni bora zaidi. Vimetoka Ulaya."

"Kama ni bora, kaa navyo. Nirudishie vyeupe."

Nilimweleza kwa ufundi wote niliosomea, na yeye akaendelea kupepeta ungo huku binti yake, sasa amekuwa mwari mrefu, akicheka nyuma ya mlango. Ubishi wa mtu asiyesoma hauna dawa. Nikarudi Bagamoyo kwa barabara ileile, vumbi tupu, nikaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa la hospitali, nikiwa na suruali ndefu na ndevu zangu zote, nikatoa kitambulisho. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Safari hiyo vilikuwapo, vyeupe, wakanipa vya kwangu vya mwezi. Na kwa kuwa mimi nilikuwa na vya waridi vya kunitosha, nikavipeleka vyote Fukayosi jioni ileile.

Mama akavihesabu mara mbili. Vilipotimia alivifunga kwenye upindo wa kanga, akaniambia sasa hatudaiani, naweza kwenda.