Niliomba Nyimbo Ziondoke kwenye Runinga, Zikaondoka

Sifa zimrudie Mungu, aliyenivumilia mpaka nikazeeka na akaniachia akili ya kutosha kuona aibu. Ndugu msomaji, mimi ni mzee wa kanisa hapa Machakos, na nimekosa. Nakuambia wewe kwa sababu mchungaji wangu nikimweleza atacheka kwanza.

Miaka ile binti yangu wa mwisho, Mutheu, alipomaliza shule, kulikuwa na stesheni ya runinga iliyopiga nyimbo tangu asubuhi. Nilikaa kando ya runinga yetu kama bawabu. Kiuno kikianza kutikisika, nilishusha kile kitambaa cha kufuma juu ya kioo, tukabaki kusikiliza tu.

"Baba, hata hao ni kwaya," Mutheu aliniambia siku moja.

"Kwaya gani imeacha nguo nyumbani?"

Nikalipeleka jambo hilo kwenye ushirika wa Jumatano. Tukafunga, tukaomba Mungu aziondoe nyimbo kwenye stesheni ile.

Jamani, zikaondoka. Kidogo kidogo. Mahali pake wakaleta kipindi cha vijana waliofungiwa katika nyumba moja, wakigombana, wakidanganyana na kunyang'anyana wapenzi. Lakini hakuna aliyecheza densi. Nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba maombi yamejibiwa, na kitambaa hakikushuka tena.

Nami nikakaa kutazama. Kulikuwa na msichana mle, Shantel, aliyenihangaisha sana. Mchumba wake alikuwa na mwingine, na Shantel hajui. Jumatano moja nikajisikia nikisema katika maombi, "Na tumkumbuke Shantel, aliye katika wakati mgumu."

Kesho yake mama mmoja wa ushirika akafika kwangu na maziwa lala na ndizi, akiuliza mgonjwa amelazwa wadi gani. Nikamwambia anaendelea vizuri. Maziwa nikayanywa.

Hayo Mungu angenisamehe upesi. Kosa lenyewe ni hili.

Kwaya yetu ilirekodi wimbo wa video kwenye vilima vya Lukenya, Mutheu akiongoza. Stesheni ile ilikuwa imebakiza nafasi moja fupi ya nyimbo, Jumamosi jioni, baada ya kipindi cha Shantel. Wakakubali kuuonyesha. Kwaya nzima ikaja kwangu Mumbuni. Mutheu alivaa sare ya kwaya, kana kwamba runinga ingemwona.

Kipindi kilipokaribia mwisho, Shantel ndiyo kwanza amemfumania mchumba. Mtangazaji akasema watazamaji wakituma ujumbe wa kutosha, kipindi kitaongezwa muda. Nikaenda chumbani na simu yangu, kama mtu anayetafuta miwani.

Niliporudi, jumbe za watu zilikuwa zinapita chini ya kioo. Mutheu akausoma mmoja kwa sauti: "Ongezeni muda. Shantel, achana naye. Mzee wa kanisa, Mumbuni."

Mpiga kinanda wetu akasema, "Aiya, Mzee. Si hata ungeweka saa ya ibada, tupate wageni."

Wakacheka wote isipokuwa mmoja.

"Baba, ulijua wanaofuata ni sisi?"

"Nilijua."

Muda ukaongezwa, ukaumeza wimbo wote. Wiki iliyofuata hata ile nafasi fupi ikaondolewa. Ule wimbo haujaonyeshwa mpaka leo.

Mutheu aliendelea kuimba kanisani, maana hana ugomvi na Mungu. Lakini nyumbani, ambako alikuwa akiimba kila aoshapo vyombo, hakuimba tena. Sasa ameolewa huko Athi River. Akija anatupikia, tunaongea, ananiheshimu. Akiingia jikoni nazima runinga ili nisikie. Nasikia sufuria tu.

Wewe mzazi, kabla hujamwomba Mungu akuondolee kitu, angalia kwanza ni nani mwingine atakikosa. Na ukipenda upuuzi, upende tu kimya kimya. Usiutolee ushuhuda.

Bwana akubariki wewe uliyenisoma mpaka hapa. Kama yuko anayeimba chini ya paa lako, Mungu akupe subira ya kumsikiliza mpaka amalize. Amina.