Pazia la Chumba cha Bonareri

Tangu Bonareri avunjike nyonga, chumba chake cha kulala kilikuwa ndiyo dunia yake yote: kitanda, dirisha linalotazama majani chai, na pazia la maua mlangoni. Sasa mwanawe Anyona alikuwa anakuja nyumbani Nyansiongo, Waziri wa Mambo ya Nje mzima, na badala ya furaha mama wa watu alijaa wasiwasi.

Asubuhi hiyo kijana wa itifaki alitangulia na gari. Akakagua nyumba, akamweleza Mokeira, binti anayemuuguza mamake, kwamba Mheshimiwa ataingia chumbani, atamshika mama mkono, picha ipigwe. Utamwelezaje mgeni kwamba kwa Wakisii mwanamume aliyetahiriwa hakanyagi chumba anacholala mamake, na kwamba akikanyaga, aibu ni ya wote wawili? Na mgonjwa mwenyewe hasogezwi, daktari alikataza.

Jirani yao Obwocha, akiwa sebuleni, alimtania Bonareri eti Anyona amekaa ng'ambo sana, huku kwetu itabidi aingie na pasipoti. Bonareri hakucheka. Ndilo lililokuwa likimla. Tangu Anyona awe karani mdogo ubalozini Addis Ababa, hadi Jeneva, hadi akawa balozi kamili, kazi yake ilikuwa kufuata desturi za watu. Huku alikula kwa mikono, kule kwa vijiti. Aliwahi kumsimulia kwa simu kwamba amembusu mke wa rais fulani mashavuni, maana kule ndiyo heshima. Siku hiyo walicheka. Lakini mtu aliyezoea kuishi kama kila mtu, atakumbuka vipi kuishi kama kwao? Na kila alipokuja likizo, Bonareri alikuwa na miguu yake. Alitoka mwenyewe kumlaki sebuleni. Mlango huu haukuwahi kumjaribu.

Magari yakanguruma uani. Viatu vikaingia. Akamsikia yule kijana akisema, "Karibu huku, Mheshimiwa," na pazia likavutwa. Mwanga wa kamera ukapiga ukuta. Bonareri akafumba macho, akavuta blanketi hadi kidevuni.

Viatu vikasimama.

"Rudisha hilo pazia," Anyona akasema taratibu. "Na kamera ipeleke nje."

Kijana akaanza kueleza kwamba ratiba ndivyo ilivyopangwa. Kilichofuata ni mlio wa kiti kikiburutwa hadi ukutani, upande wa sebuleni, mkabala na kichwa cha Bonareri, karibu kabisa.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka," akasema. Alikuwa amemwomba Mungu asiingie. Sasa hajaingia, na uso wake hakuuona. Muda ule pazia lilipokuwa wazi, yeye alikuwa amefumba macho. Akamvuta karibu Mokeira, aliyesimama kando ya kitanda, akamnong'oneza.

"Amekonda?"

Mokeira akachungulia penye pazia. "Amenenepa. Na mvi zimemjaa."

"Kama babake," akasema Bonareri, kisha akaugeukia ukuta, akauliza kama waziri amekula kitu tangu asubuhi.