Kidole Chekundu cha Nyanya

Juzi nilikuwa Garsen kwa mwanangu. Mjukuu wangu alikuwa amejilaza sakafuni na kazi ya shule, akasoma kwa sauti: maji ya majivu ni besi, hugeuza karatasi nyekundu ya litmasi kuwa ya buluu. Nikaweka kikombe chini. "Nyanya, mbona umekasirika?" akaniuliza. Yeye bado mtoto. Wewe nitakueleza.

Miaka ile ya hamsini, kwetu Kulesa, nyanya yangu alikuwa akianika maganda ya ndizi juu ya paa la jiko, kisha anayachoma. Majivu aliyatia kwenye chungu chenye matundu chini, akayamwagia maji ya mto kidogo kidogo. Yaliyochuruzika yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na yaliteleza vidoleni. Kunde kavu ziliiva upesi kwa maji hayo. Kabla ya kuyatia kwenye chungu cha kunde alichovya kidole alichokipaka bizari ya manjano. Kikigeuka chekundu, maji yana nguvu. Kikibaki vilevile, anachuja upya. Halafu anakikamulia ndimu, na manjano yanarudi. Mimi nikicheka, naye akicheka.

Ndiye aliyenipeleka shule. Baba alisema jembe linanitosha. Nyanya alimsumbua mpaka akakubali, kwa sharti moja: siku nikileta kesi nyumbani, shule basi.

Mwalimu wa sayansi alituonyesha karatasi ya buluu ikigeuka nyekundu kwa ndimu. Tukauliza inarudishwaje. Akasema kwa besi, ila chupa yake imekwisha, tungoje lori mvua zikipungua. Nikanyoosha mkono: nyanya yangu anayo. Darasa likaangua kicheko.

Kesho yake nilikuja na kichupa cha maji yake. Mwalimu hakukijaribu hata kidogo. Alisema besi haipikwi na vikongwe. Alipogeukia ubao, nikachovya ile karatasi nyekundu, ikawa buluu, buluu kabisa, na darasa zima likaona.

Hebu niambie, mwalimu gani asingefurahi hapo? Huyu alinichapa. Akamwaga kichupa dirishani, akasema sitakanyaga darasa lake mpaka mkubwa wangu aje aombe radhi kwa uchafu niliouleta.

Baba sikuthubutu kumwambia. Alikuja nyanya. Alijifunga leso yake mpya, akavushwa mto kwa mtumbwi, akasimama mbele yetu. Mwanamke aliyeyajua hayo kabla mwalimu hajazaliwa! Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nisamehe. Ni maji machafu tu." Kidole chake cha shahada kilikuwa bado chekundu, kwa kunde za asubuhi ile.

Basi nikarudishwa darasani. Nilisoma, nami nikaja kuwa mwalimu. Yule mtu namkasirikia hadi leo, wala sioni haya kusema. Lakini karatasi ile niliiona mimi kwa macho yangu, na nyanya alipokuwa akijidhalilisha kwa ajili yangu, niliinamisha kichwa nikanyamaza. Hata nyumbani sikumwambia kwamba iligeuka. Alifariki hajui.

Chungu chake cha majivu kilipasuka zamani, na siku hizi kunde tunazipikia magadi ya dukani.

Nilimwambia mjukuu aisome tena ile sentensi. Akaisoma. Nikamwambia tena, kwa sauti zaidi. Akaisoma kwa sauti zaidi, na aliyepaswa kuisikia hayupo.