Upande wa Kushoto wa Mguu Njia

Mume wangu hajui kukaa. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa uchovu. Mpe chai, ataimaliza amesimama mlangoni. Mpe kiti, atakikalia ukingoni kama mgeni anayesubiri kuambiwa aondoke. Watu wa mtaani walimwita Mguu Njia hata kabla hajanioa, na mimi kwa ujana wangu nikadhani hiyo ni sifa.

Kazi aliyoipata ilimkaa sawasawa. Kuna yadi kando ya barabara kuu inayokodisha mitumbwi na kayaki, ile mitumbwi myembamba ya mtu mmoja, kwa watu wanaolipa pesa zao ili wakapate tabu majini. Wakitaka kulala hukohuko ziwani, wanakodishiwa na tela la kulala, yaani chumba kidogo chenye magurudumu, ndani vitanda na jiko, madirisha ya plastiki. Mguu Njia ndiye aliyewapelekea vyote kwa mkupuo mmoja. Mitumbwi juu ya pikapu, tela nyuma, yeye kwenye usukani anapiga mluzi. Nyumbani alikuwa anapita tu kubadilisha shati.

Na kazi yenyewe ina adabu yake, nisimnyime haki. Mtumbwi unalazwa kifudifudi, unapigwa mkanda mbele na nyuma, kisha pua inafungwa kwa kamba hadi kwenye bampa. Mkanda lazima usokotwe kidogo, la sivyo upepo utauvumisha njia nzima hadi mshikwe na wazimu. Lakini wengi wanaumbuka kwenye mkia. Gari likiwa limenyooka, mkia wa mtumbwi haugusani na tela, kila mtu anajipongeza. Kata kona kali uone, pembe ya tela inakuja mbele na kukutana nao. Ndiyo maana kabla ya kila safari alilizungusha gari palepale yadini, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, huku mtu amesimama nyuma akiangalia.

Sasa mwaka huu mambo yakaanza kumwendea kombo. Mara tela limekwaruzwa, mara kioo cha pembeni kimeng'oka, mara kayaki imerudi na kidonda ubavuni. Mwenye yadi ni mama mpole, ila si mjinga. Akamwita, akamwambia, "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini kikiharibika kitu kingine hata kimoja, ufunguo nampa mtu mwingine." Aliporudi alinisimulia maneno hayo akiwa amenipa mgongo. Usukani ule ndio uliokuwa uhai wake. Na mimi, kusema ukweli, nilimwonea huruma kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine nikawaza, haya, huenda sasa nami nitakuwa na mume.

Haukupita muda utingo wake akaacha kazi. Jioni hiyo Mguu Njia akaniambia, "Twende wote."

"Wapi?"

"Ziwani. Utanisaidia kuangalia nyuma."

Nilimkazia macho. Mwanamume huyu hajawahi kunipeleka mbali zaidi ya sokoni, na hata huko hunitangulia. Nikafunika cherehani yangu, magauni ya watu nikayaacha yananing'inia bila mikono. Jirani akanitania ukutani, "Fungate ya uzeeni hiyo, shoga yangu!" Nikamwambia afunge mdomo, lakini nilicheka.

Basi tukaondoka. Hatujafika mbali, akaanza.

"Mama watoto, unaona nini huko kwako?"

"Huko wapi?"

"Huko kushoto. Nisimulie."

"Kuna mtu anauza matairi. Kuna mbuzi."

"Mbuzi yuko barabarani?"

"Yuko majanini, anakula zake."

"Enhe. Na mbele yake?"

Nikasimulia. Wanafunzi wamepanga mstari, mama kabeba kuni, lori limeharibika limewekewa matawi. Kila nikinyamaza ananiuliza tena, kwa sauti laini ambayo sikuwa nimeisikia tangu enzi za uchumba. Jamani, nilijiona bibi arusi. Huyu ambaye nikimweleza habari za nyumba nzima hujibu "mm", leo anataka kujua mbuzi amesimama wapi. Nikafunga kilemba changu upya kwenye kioo cha gari. Nikawaza kwamba kumbe nilichokuwa nakosa ni kupanda gari lake tu.

Kule ziwani tuliwakuta wateja wenyewe wamekwisha fika kwa gari lao. Tukawashushia mitumbwi, tukalitia tela vigingi, tukawasubiri mpaka wamalize starehe yao. Nasema tukawasubiri, lakini mimi ndiye niliyesubiri, nimetia miguu majini. Yeye alizunguka. Alikaza nati zilizokaza, akaosha matairi, akayaosha tena.

Kurudi ndiko kulikoleta balaa. Nilikuwa nimeshiba, jua linanichoma mgongoni, usingizi ukanivamia.

"Mama watoto, kushoto kuna nini?"

"Mmh."

"Kushoto, kuna nini?"

"Kushoto kuna kushoto, bwana! Niache nilale."

Akaendelea kuendesha. Sijui nini kilinifumbua macho, labda Mungu tu. Nikamwona mtu juu ya baiskeli, magunia mawili nyuma, yuko mbele ya taa yetu kabisa, mgongo wake naweza kuushika.

"Mtu! Baba, mtu! Mtu!"

Akavuta usukani kulia kwa nguvu zote. Baiskeli ikaporomokea majanini. Tela likapinda nyuma yetu, na nikasikia mkia wa mtumbwi ukiingia dirishani mwake, kraa. Tukasimama katikati ya barabara.

Mwenye baiskeli aliinuka, akajipapasa, akaona yuko mzima, kisha akatutukana matusi ambayo sitayarudia hapa. La mwisho alisema, "Mzee mzima, huna macho?" Mguu Njia alibaki garini. Nilishuka nikamsaidia kuinua magunia yake.

Niliporudi garini nikamuuliza mume wangu, "Hukumwona?"

"Jua lilinipiga."

"Jua liko nyuma yetu."

Nikainua mkono wangu pembeni ya shavu lake la kushoto. "Vidole vingapi?"

"Acha utoto."

"Vingapi?"

Akakigeuza kichwa chote, mzima mzima, ndipo akajibu, "Vitatu." Hapo nikaelewa yote. Mikwaruzo, kioo, kidonda cha kayaki, vyote vya upande mmoja. Na mbuzi. Na yule mama wa kuni.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Hospitali wamesema jicho halirudi."

"Kwa hiyo umenipakia mimi niwe kioo chako cha pembeni!" Nililia, na sikulia kwa ajili ya yule mtu wa baiskeli, nililia kwa hasira na aibu. "Nami nimekaa hapa najifunga kilemba! Nilidhani umenikumbuka!"

"Nilikukumbuka," akasema taratibu. "Na sioni. Yote mawili ni kweli."

Njia iliyobaki niliinadi kama mnadi wa mitumba. Mtu! Kibanda! Ng'ombe wawili! Yeye akaendesha polepole, mikono imeganda kwenye usukani. Tulipokaribia yadi akasema, "Tutasema ni jiwe. Lori limerusha jiwe. Ile plastiki imezeeka, wataamini."

"Utasema wewe," nikamwambia.

Na kweli alisema. Mwenye yadi alilizunguka tela, akatia mkono kwenye lile tundu, akasikiliza habari za lori na jiwe mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, ni jiwe?"

Mguu Njia alikuwa amesimama na ufunguo mkononi. Hakunikonyeza wala hakunisihi. Alinitazama tu kwa lile jicho lake moja, na katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona ametulia namna ile. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na kesho angepiga mluzi. Lakini mgongo wa yule mtu ulikuwa bado machoni mwangu, shati lake limelowa jasho, anakanyaga pedeli hana habari.

"Si jiwe," nikasema. "Haoni kushoto. Jicho limekufa. Leo nusura tuue mtu."

Mume wangu hakufoka. Aliuweka ufunguo juu ya boneti, akafungua mikanda mmoja mmoja, akaikunja kama kawaida yake, akashusha mitumbwi. Mwenye yadi akamwambia kwa upole kwamba kazi ipo, anaweza kubaki akiwafungia mizigo madereva wengine. "Niwafungie wengine waende?" akauliza, na akaondoka kwa miguu. Nilimfuata nyuma hadi nyumbani, hakugeuka hata mara moja.

Tangu siku hiyo akawa anashinda nyumbani. Jirani akanipa hongera, "Umempata mzee wako sasa!" Nimempata nini? Alikaza bawaba za milango yote hadi milango ikakataa kufunguka. Akahamisha kabati, akalirudisha. Mimi hanisemeshi, nikimwekea chakula anakula, nikimuuliza anatikisa kichwa. Cherehani yangu ikawa inakata uzi ovyo, kumbe ni mikono yangu.

Asubuhi moja nikaamka, giza ndiyo kwanza linatoka dirishani. Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Amevaa suruali ya safari, shati limefungwa vifungo vyote, viatu miguuni na kamba zimekazwa. Mikono kaiweka magotini.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Sina pa kwenda," akasema.

Nilichokuwa nakitaka miaka yote kilikuwa kimekaa pale mbele yangu, kimevaa viatu. Nikainama uvunguni kutafuta vyangu.

"Nawe unafanya nini?" akauliza.

"Navaa. Twende."

"Wapi?"

"Nitajuaje mimi? Mguu Njia ni nani, mimi au wewe?"

"Na magauni ya watu?"

"Yatasubiri, hayana miguu."

Akasimama haraka kabla sijabadili mawazo. Barabarani alitembea mbio vilevile kama ujanani, hajui tunakwenda wapi, nami nikashika upande wake wa kushoto huku nikigomba njia nzima, kwamba anakimbia, kwamba magoti yananiuma, kwamba hajanywa chai, nikigomba kwa sauti kubwa ili ajue nilipo.